Nani Anakutegemea? Mwongozo wa Furaha Inayodumu, kutoka Kirua Vunjo

Chukua karatasi moja na kalamu. Upande wa mbele chora ngazi. Kidato cha chini kabisa kipe namba 0: hayo ni maisha mabaya kuliko yote unayoweza kuyafikiria kwako. Cha juu kabisa kipe 10: maisha mazuri kuliko yote. Kisha weka alama pale unapojiona umesimama leo. Usijidanganye, wala usijionee huruma. Hili ndilo swali wanaloulizwa watu wa nchi zaidi ya mia moja kwa ajili ya Ripoti ya Furaha Duniani, inayotolewa tangu 2012, na sisi Watanzania tumezoea kujikuta mkiani.

Sasa geuza karatasi. Upande wa nyuma andika majina ya watu ambao jambo lao litakwama usipoonekana wiki hii. Usiandike wale watakaouliza "yuko wapi huyu?" kisha wakaendelea na chai yao. Andika watakaokwama kweli: mtoto asiye na mwingine wa kumsaidia hesabu, mama mkwe anayesubiri dawa zake za presha, kikundi ambacho daftari lake unalishika wewe, jirani mnayepokezana zamu ya maji.

Pande hizo mbili hazipimi kitu kimoja. Mwaka 2014 wanasaikolojia Shigehiro Oishi na Ed Diener walichapisha uchambuzi wa takwimu za nchi 132. Kwa kuridhika na maisha, nchi tajiri zilikuwa juu, kama kila mtu alivyotarajia. Lakini watu walipoulizwa kama maisha yao yana kusudi au maana, nchi maskini ziliwapita matajiri, na dini ilikuwa sehemu kubwa ya sababu. Ndiyo maana unaweza kumkuta mtu aliye kidato cha nane, nyuma ya karatasi yake hakuna jina hata moja, na mwingine aliye kidato cha nne ambaye majina yamejaa mpaka pembeni.

Mwongozo huu una hoja moja: furaha inayodumu hujengwa nyuma ya karatasi. Kidato hupanda na kushuka pamoja na mshahara, afya na bei ya kahawa. Jina la mtu anayekutegemea halishuki bei.

Mifano nimeitoa Kirua Vunjo, kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, kati ya Kilema na Old Moshi, kuanzia kwenye msitu huko juu, kupitia migombani, mpaka Uchira na tambarare za barabara ya Moshi kwenda Himo. Huko pande zote mbili za karatasi unaziona kwa macho, mara nyingi ndani ya uzio mmoja.

1. Ziba kwanza tundu linalovuja

Usimhubirie kusudi la maisha mtu ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa michango. Shida ya pesa inaondoa usingizi, na asiyelala hana nafasi ya kuwaza mengine.

Kuanzia 2011, katika eneo la Rarieda magharibi mwa Kenya, shirika la GiveDirectly lilizipa kaya maskini pesa taslimu bila masharti. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakafuatilia. Waliopata pesa waliridhika zaidi na maisha, na msongo ukapungua. Lakini kulikuwa na jambo la pili: majirani ambao hawakupata waliridhika kidogo kuliko kabla, ingawa hakuna aliyewapunguzia hata senti, na hisia hiyo ikafifia kadiri muda ulivyopita. Kwa hiyo kumbuka mambo mawili. Pesa huleta furaha pale ilipokuwa inakosekana. Na bati jipya la jirani linaweza kukuibia furaha kwa muda, bila yeye kukukosea lolote.

Fanya hivi: chagua tundu moja tu linalokunyima usingizi. Linaweza kuwa ada, deni la dukani kwa Mangi, au matibabu ya mzee. Liandike kwa shilingi, kwa sababu "nina madeni" haina mwisho, lakini shilingi 380,000 ina mwisho. Ingia kwenye VICOBA au SACCOS iliyo karibu, weka kiasi unachokiweza kila wiki, na usikope kwa ajili ya sherehe mpaka tundu hilo limezibwa. Mali bila daftari huisha bila habari, na wasiwasi nao ni hivyo hivyo: ukiuandika unapata mipaka.

2. Jenga nyumba ya kulala, si ya kutazamwa

Kila Desemba mabasi ya Dar es Salaam hujaa, barabara ya kuelekea Moshi huwa na foleni, na vijiji vya mlimani hujaa magari yenye vumbi la safari. Mbuzi huchinjwa, pombe ya mbege huchachushwa, ubatizo na harusi hupangwa kwa zamu ili mapadri na wachungaji waweze kuzifikia zote. Wiki ya kwanza ya Januari wageni wanashuka.

Pita baada ya hapo. Utaona ghorofa lenye roshani, vioo vya rangi ya bahari na geti jeusi lenye kufuli. Nyuma yake, karibu na banda la ng'ombe, kuna nyumba ndogo ya zamani yenye moshi unaotoka chini ya bati. Bibi analala humo. Ghorofa lina vigae, na vigae vya mlimani mwezi wa saba ni baridi kama barafu. Choo chake kiko juu, na magoti ya bibi hayataki ngazi. Anaufungua mlango mkubwa mara moja kwa wiki kufagia.

Aliyejenga nyumba hiyo alipata furaha ya kweli siku ya kuizindua. Tatizo ni kwamba macho huizoea. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake, huko Marekani, waliwahoji watu walioshinda bahati nasibu kubwa wakawalinganisha na watu wa kawaida. Washindi hawakuwa na furaha inayotofautiana sana na ya wenzao, tena mambo madogo ya kila siku yaliwapa raha kidogo kuliko wengine.

Fanya hivi: kabla ya kuchimba msingi, hesabu usiku. Ni usiku ngapi kwa mwaka mtu atalala ndani ya nyumba hiyo, na ni nani? Ikiwa hesabu haifiki thelathini, punguza ramani kwa nusu. Kwa nusu iliyobaki tengeneza choo cha kukaa kwenye nyumba anamolala mama, tangi la maji ya mvua, na kipande cha njia ambacho masika hukifanya utelezi. Hakuna atakayevipiga picha. Mama atavitumia kila siku.

3. Panda vitu vya muda tofauti

Kihamba cha Kichaga, shamba la migomba linalozunguka nyumba, ndicho mwalimu mzuri wa jambo hili, na hata FAO imekitambua cha Shimbwe Juu, Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Ingia ndani, uangalie kuanzia chini. Kuna maharage na mboga, mavuno ya miezi michache. Kuna magimbi na viazi vikuu. Juu yake kahawa, ambayo mche wake huanza kuzaa baada ya miaka kama mitatu na kuendelea kwa miongo. Juu ya kahawa ni migomba: shina hukatwa ndizi zikikomaa, lakini chipukizi limekwisha kusimama pembeni. Na juu kabisa kuna mruka na mringaringa, miti ambayo aliyeipanda alijua kwamba mbao zake zitakatwa na mjukuu. Ng'ombe yuko bandani. Majani yanapanda kutoka tambarare kichwani mwa mama au juu ya gari la Noah, na samadi inarudi kwenye shina la mgomba. Hakuna mwaka ambao kila kitu kinakufa pamoja.

Watu wengi wenye huzuni ya katikati ya umri wamepanda kitu cha muda mmoja tu. Kuna anayeishi kwa maharage peke yake: mshahara wa mwezi huu, mechi ya Jumamosi, bia ya Ijumaa. Hacheki wala halii, siku zinapita. Na kuna anayeishi kwa mringaringa peke yake: "nikistaafu ndipo nitaishi." Wa kwanza anakosa maana, wa pili anakosa chakula cha leo.

Fanya hivi: andika mistari minne.
– Wiki hii: kitu kidogo kitakachokamilika na kukufurahisha. Kufunga uzio wa kuku. Kumpikia mwenzako mtori mwenyewe.
– Mwaka huu: kitu kinachohitaji miezi. Cheti cha fani, ng'ombe wa maziwa, kusoma Biblia au Kurani yote.
– Miaka mitano: kitu kinachohitaji uvumilivu. Kama una kahawa iliyozeeka, anza kubadilisha robo ya shamba kwa miche mipya inayohimili chulebuni na kutu ya majani, inayozalishwa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungu.
– Baada yako: kitu ambacho hutakiona kikikamilika. Mti, mtoto wa mwenzako unayemfundisha kazi, historia ya ukoo iliyoandikwa.

Mstari uliobaki wazi ndio unaokuumiza. Anza nao.

4. Shika zamu yenye siku na saa

Mababu wa mteremko huu walichimba mifongo, mifereji inayochota maji ya mto juu kabisa kwenye korongo na kuyaongoza kwa mtelemko mpole hadi migombani. Maji ya usiku yalihifadhiwa kwenye nduwa, asubuhi yakagawanywa kwa zamu. Mfongo haukuwa wa mtu mmoja. Kila mwaka kuliitwa msaragambo: wenye zamu wote wakapanda na majembe kuzibua matope na kujenga upya kingo. Asiyekuja alipigwa faini, mara nyingi ya mbege, na akiendelea kutokuja alipoteza zamu. Leo mabomba yamechukua kazi ya maji ya kunywa na mifongo mingi imekauka, lakini ile hesabu yake bado ni sahihi: unapata maji kwa sababu umeonekana.

Utafiti mrefu kuliko mingi duniani unakubaliana na mfongo. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza 1938 kuwafuatilia vijana 268 waliokuwa wanafunzi wake, baadaye wakaunganishwa na wavulana 456 wa mitaa maskini ya Boston. Wamefuatiliwa maisha yao yote: damu, mishahara, ndoa, ulevi, vifo. Robert Waldinger, mkurugenzi wake wa nne, huueleza muhtasari wake hivi: walioridhika na uhusiano wao walipokuwa na miaka hamsini ndio waliokuwa na afya bora walipofika themanini, na kipimo hicho kilitabiri vizuri kuliko kiwango cha lehemu kwenye damu.

Fanya hivi: usiseme "nitawatembelea watu zaidi." Hiyo haina siku. Chagua zamu moja. Jumanne jioni unakwenda kwa babu jirani kumsomea gazeti. Jumamosi saa moja asubuhi unafagia kanisa au msikiti na wenzako. Kila tarehe 5 unaandika daftari la kikundi. Mwambie mtu mwingine, ili ukikosekana akuulize. Zamu ambayo hakuna atakayekuuliza ukiikosa haijawa zamu bado.

5. Toa mahali unapoona matokeo

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hilo tunalisema tangu utoto. Mwaka 2013 Lara Aknin na wenzake walilipima. Waliwaomba watu wa Canada na wa Uganda wakumbuke wakati walipotumia pesa kwa ajili ya mtu mwingine au kwa ajili yao wenyewe. Katika nchi zote mbili, tajiri na maskini, waliokumbuka kumpa mwingine walijisikia furaha zaidi.

Lakini si kila kutoa kunabaki moyoni. Kadi ya mchango wa harusi inayotumwa kwenye kundi la WhatsApp, ukalipa ili jina lako lisibaki peke yake bila alama, hiyo ni kodi. Ilipe kama unaweza, usiitafutie furaha.

Fanya hivi: kati ya michango yako ya mwaka, ondoa mitatu ya namna hiyo, na kiasi chake mpe mtu mmoja kwa jambo moja unaloweza kuliona likikamilika. Nunua sare na viatu kwa mtoto mmoja wa darasa la kwanza, ukamwone amevaa. Vijana wa mlimani wanaofanya kazi ya ugumu, kubeba mizigo ya watalii, hupanda na buti la kuazima: mmoja mnunulie lake.

6. Maliza ugomvi wa mpaka

Hakuna kinachokula furaha ya watu wa Kirua kimya kimya kama ardhi. Kwa desturi ya zamani mtoto wa kiume wa kwanza alipata sehemu yake, wa mwisho akabaki na nyumba ya wazazi, na wa katikati wakaenda kutafuta kwingine. Kwingine kumekwisha. Mabinti, ambao desturi haikuwahesabu, wanahesabiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999: haki ya mwanamke kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Matokeo yake ni ndugu wanaokaa mita ishirini wasioamkiana, kila mmoja akimfundisha mwanawe mahali ambapo "walituibia hatua nne."

Mlimani kuna mmea unaojua kazi hii. Isale limepandwa kwenye mipaka ya vihamba, na jani lake ndilo lililopelekwa kuomba msamaha. Aliyelipokea aliona vigumu sana kukataa, kwa sababu kukataa isale ni kuwakataa na waliomzaa.

Fanya hivi:
– Usiende mwenyewe ukiwa na hasira. Mtume mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili, baba mdogo au shangazi, hata kama hamtumii jani.
– Taja kosa lako mara moja, bila "lakini." Ukisema "nilikosea, lakini na wewe..." mmeanza upya.
– Suala la mpaka lizungumzieni siku nyingine, si siku ya msamaha. Siku ya mpaka kila mmoja awe na mwanawe mmoja wa kushuhudia, mabinti wakiwemo. Pimeni, pandeni masale mapya, andikeni, wekeni sahihi mbele ya mtendaji wa kijiji.
– Ikishindikana, kuna baraza la ardhi la kijiji. Kwenda barazani mkiwa mnaamkiana ni bora kuliko kushinda mkiwa maadui.

Ukikosa hatua nne za migomba ukampata kaka, umeongeza jina nyuma ya karatasi. Hesabu mwenyewe kipi ni ghali.

7. Tofautisha huzuni na ugonjwa

Mbege ina heshima yake. Inanywewa harusini, kwenye kikao, kwenye matanga, kata ikizunguka kuanzia kwa mkubwa. Serikali ilipiga marufuku viroba vya pombe kali tarehe 1 Machi 2017, lakini gongo halikuhitaji kiwanda. Jiulize swali moja tu: unakunywa ili ukae na watu, au ili usiwaone? Jibu la pili ni dalili.

Na kuna huzuni ambayo hakuna zamu wala kihamba kitakachoitibu. Kama kwa wiki mbili au zaidi hulali, huli, hakuna linalokufurahisha na mwili ni mzito kuamka, nenda zahanati ukaeleze hivyo hivyo. Kuna Hospitali ya Kilema hapo jirani, na Moshi mjini kuna Mawenzi na KCMC. Usimwache mtu akuambie ni imani haba. Ni ugonjwa kama malaria, una dawa na una wataalamu. Ikiwa wazo la kujiua limekujia, mwambie mtu leo, usibaki peke yako usiku huu.

Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna aliyenusurika kambi za Wanazi, alieleza katika kitabu chake cha 1946 habari za wafungwa wawili waliokata tamaa ya kuishi. Mmoja alikuwa na mtoto anayemsubiri nchi ya mbali. Mwingine alikuwa mwanasayansi mwenye mfululizo wa vitabu ambao hakuna mwingine angeweza kuumaliza. Hilo ndilo lililowashika. Ukimkuta mwenzako amekaa gizani, msaidie kufika hospitali, kisha mkumbushe anayemsubiri.

8. Kutegemewa si kunyonywa

Hapa msomaji wa Dar es Salaam anacheka kwa uchungu. Yeye ni mtoto wa kwanza, majina nyuma ya karatasi yake yamejaa: ada za watoto wa dada, bili ya hospitali ya mjomba, shemeji anayetaka mtaji kwa mara ya tatu. Furaha iko wapi?

Kuna kipimo rahisi. Anayekutegemea vizuri anakua, na siku moja hatakuhitaji kwa jambo hilo. Anayekunyonya anabaki palepale, na kila mwaka kiasi kinaongezeka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; ndugu naye ni hivyo.

Fanya hivi: kila msaada mkubwa upe mwisho na uutamke mapema. "Nitalipa mpaka umalize kidato cha nne." "Mtaji huu ni wa mwisho, na wewe mwezi ujao utanisaidia kusimamia fundi kwa mama." Halafu angalia kama wewe mwenyewe umo kwenye karatasi ya mtu yeyote. Mtu ambaye hajawahi kuomba msaada huwanyima wenzake kile kile anachokitafuta yeye.

Kijana asiye na kihamba naye asisubiri kurithi ndipo awe mtu. Wazee wengi wa Kirua hawawezi tena kupanda ngazi ya kupogolea kahawa, na kahawa isiyopogolewa haizai. Vijana wanne wenye misumeno na mafunzo ya siku chache wana wateja kila ukoo, na watajulikana kwa majina.

9. Mpe mzazi kazi

Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote, hasa na watoto wema. Unamtumia mama pesa kila mwezi, umemwekea dada wa kazi, umemkataza jembe. Umemhurumia. Na sasa kila ukipiga simu anasema anaumwa kitu kisichoonekana hospitali.

Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walifanya jaribio katika nyumba ya wazee huko Connecticut, Marekani. Wazee wa ghorofa moja walipewa uamuzi wa mambo madogo na kila mmoja akapewa mmea wa kuutunza mwenyewe. Wa ghorofa nyingine walipewa mimea pia, lakini wakaambiwa wauguzi wataitunza. Baada ya wiki chache kundi la kwanza lilikuwa na furaha na uchangamfu zaidi.

Mama yako alikuwa akitegemewa na ng'ombe wawili, watoto sita na nusu ya kitongoji. Ukimwondolea vyote kwa siku moja, umefuta majina yote nyuma ya karatasi yake.

Fanya hivi: badala ya "mama unahitaji nini?", mpigie umuulize: "Mama, kiburu unachanganyaje maharage na ndizi?" Mpe kuku watano wa kutunza na umwambie mayai ya mjukuu wake yanamtegemea. Ikija Desemba, muache yeye apange nani alale wapi. Akikugombeza kwa kuchelewa, ujue amepona.

Wiki nne za kuanza

Usisubiri mwaka mpya. Anza Jumatatu yoyote.

Wiki ya kwanza: jaza karatasi pande zote mbili, na uandike tundu lako kwa shilingi.
Wiki ya pili: chagua zamu moja yenye siku na saa, uanze. Mwambie mtu mmoja atakayekuuliza.
Wiki ya tatu: mtume mzee kwa ndugu mmoja mliyekosana. Siku hiyo hiyo mpigie mzazi wako, au mzee mwingine yeyote, umwombe kitu badala ya kumpa.
Wiki ya nne: jaza mstari wa "baada yako." Kama una ardhi, panda mti. Kama huna, mchukue mtoto mmoja wa jirani umfundishe unachokijua.

Usitegemee kusikia furaha mwezi wa kwanza. Utakachokisikia kwanza ni usumbufu: Jumanne inafika na hutaki kwenda kwa babu, mvua inanyesha, njia imeteleza. Nenda hivyo hivyo, na ukichelewa omba radhi. Majina matatu yanamtosha mtu mmoja kuanzia. Yakifika saba, mtafutie mmoja wao mtu mwingine wa kumtegemea. Na kama kuna mtu unayemfahamu ambaye nyuma ya karatasi yake hakuna jina, mpe huyo.